Ngome ya Saba Haifunguki

Sehemu ya Sita

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, shika hili kwanza upate pa kuanzia. Mwasiti, fundi cherehani wa Ujiji, ni nahodha wa kikosi kiitwacho Mwisho wa Reli katika gemu ya simu ya Ngome Saba. Kikosi chake kimevunja ngome sita kwa akili na wepesi wa vidole, bila kununua hata panga moja. Ngome ya saba, ambamo Malkia Nyange amefungwa, haijaletwa. Kampuni ya Tumbili Bluu ya Dar es Salaam, yenye gemu hiyo, iliahidi kuileta Idi, ikasogeza mpaka Sabasaba, kisha ikasogeza tena. Uvumilivu ukamshinda Mwasiti. Akaandika mbele ya wachezaji wote: "Mnatuuzia mapazia ya nyumba ambayo haijajengwa!" Akazima simu yake kwa kishindo.

Alipoiwasha asubuhi ya Ijumaa, gemu ilikataa kumpokea.

"Akaunti hii imefungiwa kwa kukosa adabu. Vumilia, mazuri yanakuja. Wako, Bwana Neema."

Bwana Neema ndiye msemaji wa kampuni humo ndani ya gemu. Sura yake ni ya tumbili aliyevaa kanzu na kofia. Mchezaji akiuliza jambo, Bwana Neema hujibu. Akilia, Bwana Neema humbembeleza. Hakuna aliyewahi kumwona kwa macho.

"Mimi nimekosa adabu!" Mwasiti alifoka. "Mimi!"

Mama yake mdogo, Zuleha, mwenye hicho chumba cha ushonaji, aliinua mguu kwenye cherehani.

"Umegombana na nani tena asubuhi yote hii?"

"Na tumbili, mama mdogo."

Zuleha hakuuliza zaidi. Tangu gemu hiyo iingie nyumbani kwake alikwisha kusikia makubwa kuliko hayo.

Lakini uchungu wa Mwasiti haukuwa wa kufungiwa tu. Wiki iliyopita lilitoka toleo jipya. Alilipakua kwa bando lote alilokuwa nalo, akakaa anaangalia ule mstari ukijaa polepole, moyo unamdunda kama bibi harusi. Likajaa. Akaingia mbio mpaka kwenye lango la ngome ya saba.

Lango limefungwa vile vile. Kilichoongezwa ni duka.

Kofia za farasi. Ngoma ya dhahabu ambayo haipigiki. Makasha ya bahati, unalipia kasha usijue lina nini, ukilifungua unakuta unyoya wa kanga. Na mapanga! Mtu asiyejua hata kushika ngao ananunua panga la moto dukani, anakuja kukukata pigo moja wewe uliyekesha kujifunza. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hii ya Tumbili Bluu ilikuwa inavuta pochi.

Simu ikaita. Alikuwa Heritier, nahodha msaidizi, kijana wa Kibirizi ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Kazi yake ni kuvusha bidhaa ziwani kwa mtumbwi wa injini. Mwasiti humwita yaya, yaani dada mkubwa, kama wasemavyo kwao.

"Yaya Mwasiti, umeona tangazo?"

"Nitalionea wapi nami nimefungiwa?"

"Umefungiwa? Wewe?" Heritier alisita. "Basi sikia. Ngome ya saba inafunguliwa Jumapili."

Mwasiti alisimama, kitambaa kikamdondoka miguuni.

"Kweli?"

"Bwana Neema katangaza mwenyewe. Ila wanaingia wenye Ufunguo wa Dhahabu tu. Unauzwa dukani. Na kikosi chenye hata mmoja asiye na ufunguo kitavunjwa."

"Kitavunjwa vipi? Kikosi chetu?"

"Kitafutwa, yaya. Kila mtu atabaki peke yake."

"Usinunue kitu," Mwasiti alisema. "Umenisikia? Mpaka nikwambie. Nakwenda kwa Ashraf, yeye anayajua mambo ya kampuni hizi."

"Lakini Mapendo..."

Mtandao ukakata.

Mapendo ni mdogo wake Heritier, yuko Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kupiga simu kuvuka mpaka ni gharama, lakini ndani ya gemu sauti ni bure. Kila alasiri kaka na dada walipigana bega kwa bega, huku wakiulizana kama wamekula, kama mama yao anatembea vizuri, kama huko mtaani kumetulia. Uvira kwenyewe unakujua, vita haviko mbali. Kikosi hicho ndicho kilichokuwa daraja lao.

Mwasiti alipanda bodaboda mpaka mtaa wa Mwanga.

Ashraf alikuwa mchumba wake. Harusi mwezi ujao, na Heritier ndiye mpambe wa bwana harusi. Ashraf alikodi meza na intaneti katika steshenari ya Pastory, akifanya kazi ya kompyuta ya kampuni moja ya Dar. Huduma kwa wateja, ndivyo alivyosema. Mwasiti hakuwahi kuuliza wateja gani wa kitu gani. Kazi ilikuwa ya halali, mkwe alikuwa mpole, akina mama wa mtaa wa Rusimbi walikwisha kuchagua sare za harusi. Aulize nini?

"Karibu, shemeji," Pastory alisema, akiwa anatoa kivuli cha cheti cha mtu. "Unamtaka Bwana Neema? Katoka, kaenda kuswali Ijumaa. Sasa hivi atarudi."

Mwasiti alidhani hajasikia vizuri.

"Unasema nani katoka?"

"Si huyu bwana wako! Hapa sote tunamwita Bwana Neema. Akipigiwa na mabosi wake ndivyo anavyoitika. 'Bwana Neema hapa, bosi.'" Pastory alicheka. "Kwani huko kwenu mnamwitaje?"

Mwasiti alikwenda mpaka kwenye meza ya pembeni. Kompyuta ilikuwa wazi. Tumbili mwenye kanzu alikuwa anamtazama.

Hakugusa kitu. Alivuta kiti, akaketi, akangoja.

Ashraf aliingia akiwa na kanzu yake nyeupe, bado ananukia udi. Akamwona mchumba wake, akatabasamu. Akaiona kompyuta. Tabasamu likakauka.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Bwana Neema."

"Si nimekwambia!" Pastory alidakia kule kwenye mashine yake, akacheka peke yake.

Walitokea mlango wa nyuma, penye mapipa ya maji. Mwasiti hakupandisha sauti. Ashraf angependa apandishe.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya posa."

"Kwa hiyo Sabasaba, waliposogeza tena, nikaja kwako nalia, ukaniambia pole, watu wa Dar hawana utu..."

"Tangazo lile niliandika mimi."

"Ukanishika na mkono. Ukaninunulia na soda."

Ashraf aliinamisha kichwa.

"Na hii ya kunifungia?"

"Walitaka ufungiwe, Mwasiti. Ulichoandika kilikuwa kimeenea kila mahali. Nilijaribu kuwazungusha..."

"Sijauliza nani alitaka. Nimeuliza mkono wa nani."

Ashraf aliutazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine.

"Wangu."

Mwasiti alivuta pumzi. Lilikuwapo swali jingine, na hilo lilikuwa zito kuliko mkono wa Ashraf.

"Ngome inafunguliwa Jumapili?"

Ashraf aligeukia mapipa ya maji.

"Ashraf. Nakuuliza."

"Haifunguliwi."

"Mmesogeza tena?"

"Haipo." Alilitema neno kama mtu anayetema mwiba. "Hakuna anayeijenga. Wale waliokuwa wanachora ngome waliondoka zamani, wakagombana na wakubwa. Waliobaki ni wachora mapanga na kofia. Kila mwezi natumiwa maneno ya kuwatuliza watu, nami nayabandika. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Sasa huo Ufunguo wa Dhahabu unafungua nini?"

"Ukumbi."

"Ukumbi gani?"

"Wa kusubiria. Una mabenchi. Na ngoma."

Mwasiti alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata kuku waliokuwa wanadonoa pale walisogea. Miezi yote hiyo! Bando lote hilo, usingizi wote huo, kulala na kidole gumba kinachowaka moto, na mwisho wa safari ni mabenchi!

"Waambie watu," alisema.

"Nikiwaambia nafukuzwa leo leo. Nikifukuzwa, harusi..."

"Usiitie harusi yangu humu!" Hapo sasa sauti ilipanda. "Heritier amekuuliza?"

Ashraf alirudi nyuma hatua moja.

"Heritier, mpambe wako, amekuuliza kama ngome ipo?"

"Asubuhi. Hakujua ni mimi. Aliuliza na kurudia. Akataka niape."

"Ukaapa?"

Macho ya Ashraf yalijaa maji, na hilo lilitosha kuwa jibu.

Mwasiti alimpigia Heritier pale pale. Hapatikani. Akapiga tena akiwa juu ya bodaboda, akapiga tena walipoanza kuteremkia Kibirizi. Hapatikani.

Ufukweni akina mama walikuwa wanageuza dagaa juani. Mtumbwi wa Heritier ulikuwa umevutwa mchangani, na mwenyewe ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, uso unang'aa kama mtu aliyepata mtoto.

"Yaya! Umechelewa, nimeshamaliza kila kitu!"

Mwasiti hakumtazama usoni. Alitazama nyuma ya mtumbwi, mahali pa injini. Palibaki mbao tupu, zenye alama nyeusi za mafuta.

"Heritier, injini iko wapi?"

"Nimeiuza. Imepanda boti ya Kalemie, kule Kongo. Kuna mtu wa kule aliitaka siku nyingi." Akaruka chini. "Nimetununulia funguo. Sote! Wewe, mimi, Mapendo, kikosi kizima. Hakuna atakayetuvunja."

"Nilikwambia usinunue!"

"Wewe umefungiwa, yaya. Nahodha amebaki nani? Mimi. Ningekaa tu nikitazama?" Alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa wasiwasi. "Siku nisiposikia sauti ya Mapendo nitajuaje kama wamelala salama? Injini nitatafuta nyingine. Nitapiga kasia kwanza. Baba alipiga kasia maisha yake yote."

Mwasiti alimshika mabega.

"Nisikilize. Ngome haipo."

Heritier alicheka. Akamtazama vizuri, akaacha kucheka.

"Nani kakwambia?"

Hapo, msomaji, ndipo ulimi ulipomgeuka. Jina la Ashraf lilifika mdomoni, akalimeza. Aliwaona akina mama wa Rusimbi na sare zao. Alimwona Zuleha, aliyemlea kama amemzaa, akisikia kwamba bwana harusi ni tapeli. Na zaidi alimwona huyu Heritier, ambaye angemshika Ashraf shingo leo hii hii, mbele ya watu.

"Mtu wa ndani," alisema.

"Mtu wa ndani ni Bwana Neema. Na Bwana Neema ameniapia."

"Bwana Neema ni mwongo!"

"Unamjua?"

Mwasiti aligeuza uso ziwani.

"Basi humjui," Heritier alisema taratibu, akiiondoa mikono ya Mwasiti mabegani mwake. "Yaya, mimi nakuheshimu. Lakini wamekufungia, na mwenye hasira haoni. Acha Jumapili ifike. Tukishaingia utaniomba radhi, nami nitakusamehe. Kabisa."

Akamwacha pale, akaenda kuwasaidia akina mama kukunja turubai.

Jumamosi Mwasiti alishona nguo ya mteja mikono mbele nyuma, akaifumua, akaishona tena vile vile. Zuleha alimwondoa kwenye cherehani. Ashraf alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Jumapili baada ya Alasiri, Heritier alifika Ujiji na simu yake imejaa chaji. Chumba cha Zuleha ndicho chenye mtandao mzuri, na ngome zote sita walizivunjia humo. Aliketi kwenye benchi la wateja, akajifuta jasho. Alimsalimia Zuleha shikamoo, akamsalimia Mwasiti kana kwamba Ijumaa haikuwapo.

Kisha mlango ukagongwa. Ashraf aliingia na mkoba wa kompyuta begani. Alionekana kama mtu aliyetoka kuugua.

"Bwana harusi!" Heritier alifurahi. "Na wewe umekuja kutuona tukiingia ngomeni?"

"Nimekuja," Ashraf alisema. Alipopita karibu na Mwasiti alinong'ona, "Nimekufungulia."

Mwasiti aliwasha gemu. Ikampokea.

"Mabosi wako wanajua?"

"Bado."

Akaenda kuketi dirishani, mkoba mapajani.

Saa ikafika. Muziki ukapigwa, wa zumari na ngoma, mzuri kwa kweli. Lango la ngome ya saba, lango walilolitazama mpaka wakalijua kila msumari, likaanza kutikisika. Heritier alishika kichwa kwa mkono mmoja. Ufunguo wa Dhahabu ukazunguka. Lango likafunguka.

Kikosi cha Mwisho wa Reli kikaingia mbio, mapanga juu.

Mabenchi. Ngoma kubwa katikati. Na ukutani maandishi: "Karibuni. Ngome ya Saba inakuja. Vumilieni, mazuri yanakuja." Pembeni, mlango mmoja tu. Heritier aliukimbilia.

Ulikuwa wa duka.

Aliurudia ukuta. Akaupiga kwa panga, akazunguka, akaupiga upande wa pili. Huenda kuna njia ya siri. Ngome ya nne ilikuwa na njia ya siri. Akapanda juu ya mabenchi, akaruka, akagonga dari.

Sauti ya Mapendo ikatoka kwenye simu, kutoka Uvira, ndogo na safi.

"Kaka? Mbona hakuna mlango?"

Heritier aligonga dari tena.

"Kaka, tunapita wapi?"

Vidole vya Heritier vilikuwa vimesimama. Alikuwa anaitazama ile ngoma ya dhahabu ambayo haipigiki.

Ukumbi ulijaa wachezaji wa nchi nzima na matusi yao. Maneno yalipanda kwenye kioo kwa kasi, huwezi kuyasoma. Wa Mbeya analaani, wa Tanga anataka fedha yake, mwingine anauliza tu, "Ni hii? Ni hii kweli?"

Mwasiti alifungua kipaza sauti.

"Mimi ni nahodha wa Mwisho wa Reli, Kigoma. Ngome ya saba haipo. Haijengwi. Waliokuwa wanaijenga waliondoka zamani. Tumeuziwa ukumbi wa kusubiria kitu kisichokuja."

Ukumbi mzima ukalipuka.

"Ushahidi!"

"Umeambiwa na nani?"

"Huyu si ndiye aliyefungiwa? Ana kisasi!"

"Bwana Neema ajibu! Kama ni uongo aseme!"

"Bwana Neema! Bwana Neema!"

Heritier aligeuka pale kwenye benchi la wateja. Uso wake ulikuwa umezeeka.

"Yaya, ulijua tangu Ijumaa," alisema. "Sasa niambie. Nani alikwambia?"

Mwasiti alikaza macho kwenye simu yake. Alijua kwamba akiyainua tu yatakwenda dirishani yenyewe.

"Nakuuliza, yaya. Injini yangu imekwenda. Nina haki ya jina moja."

Dirishani, zipu ya mkoba ilifunguliwa. Ashraf aliiweka kompyuta mapajani.

Zuleha aliinua mguu kwenye cherehani yake. Hakuelewa kinachoendelea, lakini alielewa kwamba si wakati wa kushona.

Na kwenye simu ya Heritier, na ya Mwasiti, na ya Mapendo kule Uvira, na za watu wote waliokuwa wanapiga kelele, chini ya picha ya tumbili mwenye kanzu yakatokea maneno mawili madogo: Neema anaandika.

Kelele zikafa. Chumbani ilibaki sauti moja tu, ya vidole juu ya vitufe.

Heritier aliinua kichwa.

Vidole vikasimama. Kwenye simu, yale maneno yakafutika.

Vidole vikaanza tena. Maneno yakarudi.

Heritier aliiweka simu yake juu ya vitambaa, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akasimama. Mwasiti alimwahi mkono, ukamponyoka. Lakini Heritier hakwenda dirishani. Alikwenda mlangoni, akausukuma ukafunga, akaegemeza mgongo wake hapo.

"Andika, bwana harusi," alisema. "Usiache. Andika mpaka mwisho, kisha utusomee kwa sauti."